Barua ya wazi kwa wapanga njia wa Safari Rally: Pwani tumebaki kuhesabu makontena

Changamwe,
Mombasa.

KWA: Waandaaji wa Safari Rally, viongozi wa mchezo wa mbio za magari nchini, na wizara yenye dhamana ya michezo

MINT: SAFARI ISIYOFIKA PWANI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa magari. Nina gereji ndogo Changamwe, kando ya barabara ambayo malori hutoka nayo bandarini kuelekea bara. Nimeshika spana kwa zaidi ya miaka thelathini. Sina chama, sigombei chochote, na kiti cha jukwaa la wageni mashuhuri sikitaki.

Naandika hadharani kwa kuwa njia ya faragha imenishinda. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Ya pili niliituma kwa rejista. Muhuri ninao, risiti ya posta ninayo, jibu sina. Kila nikipiga simu naambiwa mhusika yuko mkutanoni. Miezi kumi na minne sasa. Ni mkutano mrefu huo.

Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kuna majuma kila mwaka ambapo vijana wangu gerejini huacha kazi wakaenda kusimama ukingoni mwa barabara. Lori likipita na kontena, mmoja hunyoosha kidole: "Zile za rali zile!" Huenda ni za rali, huenda ni mitumba, kontena halina dirisha. Lakini ninyi mwajua kama nijuavyo mimi kwamba mzigo wa rali unaokuja kwa meli huteremkia Kilindini, bandari yetu. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu huingia kwa mlango wetu akiwa amefungiwa sandukuni, akapita sebuleni bila hodi, akaenda kula kwa jirani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Safari imeacha kusafiri

Mashindano haya yalizaliwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina limebadilika, 1960 likawa East African Safari, 1974 likawa Safari Rally, lakini hilo neno safari halikung'oka, na ni neno letu. Maana yake gari litoke pahali lifike pahali. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Mtajie fundi yeyote wa rika la baba yangu gari hilo, kisha utafute pa kukaa, maana hamalizi kabla ya magharibi.

Na njia hiyo ilikuwa ikifika huku. Mwisho wa miaka ya sabini, nami ni mtoto, baba alitupakia kwenye pikapu ya rafiki yake tukaenda Mariakani. Mama alitufungia mahamri na chupa ya chai. Tulikaa juu ya mawe tangu asubuhi. Baba alituambia tusitazame barabara, tutazame juu ya miti, kwa kuwa vumbi hutangulia kuonekana kabla ya gari. Kweli, likainuka vumbi jekundu kama moshi wa tanuri ya chokaa, halafu mlio, halafu Datsun, halafu kwisha. Ilikuwa muda wa kupiga chafya. Nani alikuwa usukani sikumjua. Kwangu mimi wote walikuwa Joginder. Nilipokua ndipo nikajua kwamba Joginder Singh alikuwa ameshinda 1965, 1974 na 1976, na kwamba wakati ule zamu ilikuwa inahamia kwa Shekhar Mehta, aliyeshinda 1973 kisha akachukua minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Rekodi yake ya mara tano haijavunjwa na yeyote mpaka leo.

Jioni ile tulitengeneza gari la waya, boneti ya kopo la Kimbo, namba tukaichora kwa mkaa. Wenzangu walikimbia nalo. Mimi nilikuwa nataka kujua kitu kimoja: chini ya ile Datsun mna nini kinachoweza kustahimili kishindo kile bila kukatika? Nimekuwa nikijibu swali hilo tangu siku hiyo, chini ya matatu za watu.

Sasa tazameni ramani ya leo. Kambi ya matengenezo iko Naivasha. Mikondo, yaani vile vipande vya njia ambavyo magari hushindania muda, ni Loldia, Kedong, Soysambu, Sleeping Warrior, Hell's Gate, yote ikizunguka maziwa mawili ya Bonde la Ufa. Sina ugomvi na watu wa Naivasha, wala sisemi mbio zenyewe ni hafifu. Ule mchanga laini kama unga wa ngano unaofukia magurudumu hadi kwenye ekseli umewaaibisha mabingwa wa dunia, na mwaka 2021 Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, shoki ikamkatalia, Sébastien Ogier akaondoka na ushindi. Huo ni uhondo. Lakini ni uhondo wa mji mmoja, mwaka nenda mwaka rudi. Mtoto wa Mariakani wa leo hana jiwe la kukalia.

2. Kodi haina mkoa

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji maelezo. Rali hii ilirudi Kenya kwa mkono wa serikali na fedha za umma. Fedha za umma hutoka Lunga Lunga na Kiunga kama zitokavyo Nakuru. Anayechangia harusi hupewa hata sahani ya pilau akala uani. Sisi tumechanga, na pilau tunaionea kwenye televisheni.

3. Mbuzi wa Kinango

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana mtu anaweza kudhani nalilia rali tu ije, vyovyote itakavyokuja. Sivyo.

Mashindano madogo yamewahi kuletwa huku kwetu. Moja kati ya hayo, miaka kadhaa iliyopita, lilipita karibu na nyumbani kwa wakwe zangu, ndani huko Kinango. Waandaaji wake siwataji, wao wanajijua. Notisi ilikuwa karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa kwenye ukuta wa duka moja, siku mbili kabla, kwa watu ambao lugha yao ni Kiduruma na ya pili ni Kiswahili. Baba mkwe wangu hasomi Kiingereza. Alidhani ni tangazo la mnada.

Siku yenyewe alitoa mbuzi wake asubuhi kama kawaida. Barabara ile ndiyo njia ya kisimani, ndiyo njia ya shule, ndiyo njia ya mbuzi. Gari la kwanza lilipita akakimbilia kichakani. La tatu likampiga mbuzi jike mwenye mimba. Sitamlaumu dereva, kwa mwendo ule, na kona ile, hata ningekuwa mimi singeweza kusimama. Baada ya saa nzima akaja kijana mmoja mwenye jaketi la kung'aa, mstaarabu sana, akaomba radhi, akasema fidia itatoka. Hakuwa na fomu. Alichana pakiti ya sigara akaandika namba ya simu kwa ndani, akampa mzee.

Namba ile tumeipiga mpaka tumeikariri. Mteja hapatikani.

Mnaweza kusema mbuzi ni mbuzi. Kwa mtu wa Nyika, mbuzi jike mwenye mimba ni karo ya muhula, na ni hospitali ya ghafla. Na kubwa kuliko mbuzi ni kwamba mzee yule, aliyekuwa akisimulia habari za rali za zamani kwa furaha kuliko mimi, sasa akisikia neno rali hutema mate. Mmempoteza mtazamaji wa miaka arobaini kwa thamani ya mbuzi mmoja na karatasi ya sigara.

Na shukuruni kwamba alikuwa mbuzi. Siku ile nilipofika jioni nilihesabu nyayo za watoto kwenye ukingo wa nje wa kona, pale pale ambapo gari likiteleza huangukia. Palikuwa hapana kamba. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba mtazamaji husimama upande wa ndani, tena juu ya mwinuko, tena mbali. Kwenye rali ya dunia kule Naivasha nimeona kwa macho yangu mikanda, walinzi wa njia na helikopta inayotangulia kufukuza wanyama na watu. Kwa nini uhai wa mtazamaji uwe na daraja mbili, la kwanza kule kamera zilipo na la pili huku zisipokuwepo?

4. Vijana wanajifunza kwa kuchungulia

Nina vijana wanne gerejini. Mmoja, wa kike, ana mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Anaweza kusikiliza injini akakwambia ni vali gani kabla hujafungua kifuniko. Mwaka 2022, Maxine Wahome aliposhinda WRC3, daraja la tatu la ubingwa wa dunia, kwenye Safari, binti huyu alibandika picha yake juu ya kabati la vifaa, na hadi leo iko pale imejaa grisi.

Tukaomba nafasi. Hatukuomba kazi kwenye timu ya Toyota, jamani. Tuliomba mafunzo ya ulinzi wa njia, wale wanaojitolea kusimama na redio na bendera. Ofisi ileile nisiyoitaja ikatujibu kwa mdomo, na hilo ndilo jibu pekee tulilowahi kupata: mafunzo yako bara, nauli na malazi ni juu yenu. Kutoka Mombasa hadi Naivasha ni karibu kilomita 570. Kijana wa kujitolea alipe nauli ya kwenda na kurudi, alipe chumba katika mji ambao wiki ya rali hata banda la kuku lina bei yake, ili apewe fulana na chupa ya maji. Binti hakwenda. Nafasi yake ilichukuliwa na mtu anayekaa karibu, na simlaumu aliyekaa karibu.

Joginder hakuanza kwenye karamu za wafadhili. Alikuwa fundi, na Volvo aliyoshindia 1965 ilikuwa mtumba, iliyokwisha kutumika kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Watu wa namna hiyo wako Changamwe, wako Majengo, wako Likoni. Hawana wa kuwaona.

5. Mwezi mtukufu

Rali imehamishiwa Machi. Mwaka 2024 iliangukia ndani ya Ramadhani. Mwaka 2025 iliangukia ndani ya Ramadhani. Ya 2026 nayo ikapangiwa Machi 12 hadi 15, Ramadhani ikiwa bado haijaisha. Miaka mitatu mfululizo Muislamu wa Mombasa anayependa magari ameambiwa: safiri usiku kucha, simama juani siku tatu na funga yako, futari utafute mwenyewe porini. Sidai kwamba ilikusudiwa. Na kwa haki niseme kwamba mwezi husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo jambo hili litajitatua bila ya mimi wala ninyi. Nalitaja kwa sababu, kama katika chumba cha kupangia kalenda angekuwemo mtu mmoja wa Pwani, angalau lingetajwa.

Waheshimiwa, nimekaa na watu wa rali vya kutosha kujua mtakalonijibu. Niruhusuni nilijibu kabla, nisije nikasubiri miezi mingine kumi na minne.

Mtasema kanuni za siku hizi si za enzi ya Nowicki: kambi moja ya matengenezo, mikondo yenye jumla ya kilomita kati ya 300 na 400, siku nne basi. Kweli kabisa. Mimi sina wazimu wa kutaka gari litoke Naivasha asubuhi lije Mombasa lirudi jioni. Ninachouliza ni nani aliyesema kambi hiyo moja lazima iwe mji mmoja milele. Kule Sardinia, kisiwa cha Italia, kambi ya rali ya dunia imekuwa ikihama kati ya Olbia na Alghero: 2021 huku, 2022 kule, 2023 huku, 2024 kule. Zote mbili ni miji ya pwani, na wala kisiwa hakikuzama. Kuanzia 2023 hadi 2025 ubingwa wa dunia ulikuwa na Rali ya Ulaya ya Kati iliyovuka Ujerumani, Austria na Czechia, nchi tatu ndani ya wikendi moja, jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki ndio tuliokuwa walimu wake.

Mtasema barabara zetu zimetiwa lami. Barabara kuu, ndiyo, na alhamdulillahi. Lakini hata kule Naivasha hamkimbizi magari kwenye barabara kuu. Mnakimbiza kwenye ranchi na hifadhi za watu, Kedong na Soysambu, mahali ambapo geti hufungwa na njia ikawa yenu peke yenu. Basi sisi hatuna mashamba? Kuna mkonge wa Vipingo, kuna mkonge wa Mwatate, kuna ranchi za Taita zilizobanwa katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kuna nyika ya Taru ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa kukosa maji. Njia za shamba la mkonge zimenyooka, zina kona za mraba, na udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama ute wa bamia. Dereva wa dunia atapata anachokitafuta, nawahakikishia.

Mtasema joto. Hapa nilicheka kidogo nilipokuwa nikiandika. Mwaka 2025 duru ya mwisho ya ubingwa wa dunia ilipelekwa Jeddah, Saudi Arabia. Mji wa bandari, kando ya bahari, wenye joto. Mombasa ina kasoro gani ambayo Jeddah haina, zaidi ya pochi?

Na pochi ndiyo kisingizio cha mwisho, nacho nakiheshimu. Kuhamisha kambi ni gharama. Lakini hesabuni pia kilichoko tayari: uwanja wa ndege wa kimataifa, reli ya SGR inayobeba abiria tangu 2017, hoteli kutoka Diani hadi Malindi ambazo baada ya Pasaka hupungukiwa na wageni. Rali ya magari ya kale, ile East African Safari Classic iliyoanza 2003, imewahi kuifanya Mombasa kituo chake cha kuanzia na cha kumalizia. Wazungu wenye Porsche za thamani ya majumba waliziegesha ufuoni, na hakuna aliyerudi kwao akilalamika kwamba Mombasa haina pa kulala.

Kwa hivyo naomba, kwa majina ya mambo yenyewe, nisije nikaambiwa baadaye kwamba sikueleweka:

(a) Mtume wapima njia Taita, Kwale na Kilifi, watazame kama eneo hilo linaweza kubeba kambi ya rali ya dunia kwa zamu, na walichokiona kiwekwe hadharani. Wakisema haiwezekani na sababu zikawa za haki, nitazikubali na nitaziandika ukutani gerejini.

(b) Wakati hilo linapimwa, duru moja ya ubingwa wa taifa iwe ya Pwani kila mwaka, kwa tarehe inayojulikana mapema. Tumechoka kuletewa rali kama mvua ya mchana.

(c) Magari ya rali ya dunia yanapowasili kwa meli, moja tu lifunguliwe. Lipitishwe Barabara ya Moi chini ya yale matao ya Pembe, liegeshwe bustani ya Mama Ngina kwa saa mbili, watoto wa shule walizunguke. Hili halihitaji kikao cha baraza la mawaziri.

(d) Popote rali itakapopita, ya dunia au ya kijiji, notisi itolewe kwa Kiswahili na kwa lugha ya watu wa pale, isomwe kwenye baraza la chifu wiki mbili kabla, na isomwe tena msikitini na kanisani. Fidia ya mifugo na mazao iwe na fomu, iwe na afisa mwenye jina, na ilipwe ndani ya siku 14. Walinzi wa njia wawe idadi ileile, kamera ziwepo zisiwepo.

(e) Mafunzo ya ulinzi wa njia yaletwe Mombasa, wikendi mbili kwa mwaka. Ukumbi nitautafuta mimi. Chai na mahamri pia juu yangu.

(f) Nijibiwe kwa maandishi. Hata likiwa jibu la hapana.

Nimejitahidi kutomvunjia mtu heshima. Kama kuna mahali ulimi wangu umeteleza, nisameheni, fundi huzoea kusema na vyuma. Nakala ya barua hii nimempelekea pia baba mkwe wangu, nikamsomea kwa Kiduruma changu kibovu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: ile namba ya simu nimeiandika humo? Nikamwambia sikuiandika, lakini nitaiambatisha kwenye nakala itakayokwenda ofisini.

Wenu katika mchezo,

Fundi wa magari,
Changamwe, Mombasa.

Viambatisho kwa nakala ya ofisini:
Nakala ya barua ya kwanza, yenye muhuri.
Nakala ya barua ya pili, pamoja na risiti ya posta.
Picha ya upande wa ndani wa pakiti ya sigara. Pakiti yenyewe mzee amekataa kuitoa.